Chupa ya Maji kwa Mtu wa Porini: Niliyojifunza Tabora Baada ya Kuugua Mawe ya Figo

Mwezi wa Oktoba mwaka juzi, nikiwa narudi Tabora mjini kwa pikipiki kutoka upande wa Goweko, nilishikwa na maumivu ya ubavu wa kulia ambayo sikuwahi kuyaonja maishani mwangu. Yalianzia mgongoni, chini ya mbavu, yakashuka hadi kwenye kinena, yakawa yanakuja na kuondoka kama mawimbi, na kila yaliporudi nilishindwa kukaa, kulala wala kusimama. Niliegesha pikipiki chini ya mwembe, nikatapika mara mbili, na kijana mmoja aliyekuwa akipita na baiskeli yenye magunia ya mkaa ndiye aliyenitafutia mtu wa kunifikisha hospitali. Jioni ile kipimo cha ultrasaundi kilionyesha jiwe la milimita 4, likiwa limekwama kwenye mrija unaotoka kwenye figo kwenda kwenye kibofu.

Daktari aliyenihudumia, mama wa makamo aliyezungumza taratibu, aliniuliza, "Baba, kwa siku unakunywa maji kiasi gani?" Nilianza kuhesabu mbele yake: kikombe cha chai asubuhi, soda moja mchana, na maji ambayo pengine yalifika nusu lita hadi usiku. Aliniangalia kwa muda bila kusema neno, kisha akanieleza kwamba mawe madogo, yasiyofikia milimita 5, mara nyingi hutoka yenyewe kwa njia ya mkojo, lakini mtu aliyewahi kupata jiwe moja yuko karibu kupata la pili, na kinga ya kwanza ni maji. Alitaka nitoe mkojo usiopungua lita 2.5 kwa siku, na kwa mtu anayetoka jasho kama mimi hiyo ilimaanisha kunywa zaidi ya lita 3, nikiyagawanya maji hayo kutwa nzima badala ya kuyafakamia jioni. Kipimo cha nyumbani alichonipa ni rangi: mkojo ukiwa mweupe wenye umanjano hafifu, niko salama, ukikoza, nimechelewa. Alisisitiza pia kwamba kiasi hicho alinipangia mimi, na kwamba mgonjwa wa moyo au mtu ambaye figo zake zimeanza kushindwa kazi hupangiwa kiasi chake na daktari wake.

Jiwe lilitoka siku ya tisa. Ninaandika haya kwa ajili ya wenzangu wanaoshinda juani, kwa sababu kilichonichukua muda na fedha baada ya hapo hakikuwa dawa. Kilikuwa chupa ya kubebea maji.

Kazi yangu ni ya ufugaji nyuki. Ninazungukia vikundi vya wafugaji vijijini, tunakagua mizinga pamoja, na watu wengi huniita "bwana nyuki" kama vile afisa kilimo anavyoitwa bwana shamba. Mwisho wa kiangazi, kabla mvua za Novemba hazijaanza, msitu wa miombo unakuwa umekauka, vumbi limejaa, na joto la mchana hupita nyuzi 30. Ndani ya ovaroli nzito, kofia ya wavu na glavu, karibu na bomba la moshi wa kuwatuliza nyuki, mtu hulowa jasho mwili mzima. Nilikuwa nikibeba maji katika chupa ya plastiki kwenye mfuko wa pikipiki, lakini ilipofika saa nne asubuhi yalikuwa yameshapata moto kama maji ya kuogea, na nikiyaonja yananichefua. Daktari alinihakikishia kwamba figo haijali kama maji ni ya baridi au ya moto. Ni kweli, ila ulimi unajali, na mimi maji ya moto wakati wa jua sikuyanywa hata nilipoambiwa kwamba maisha yangu yanayahitaji. Ndipo nilipoamua kutafuta chupa inayotunza ubaridi.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuchukua kilichokuwa karibu. Nyumbani tulikuwa na chupa ya chai, ile ya plastiki nje na kioo ndani, ambayo mke wangu alizawadiwa na shangazi yake siku ya harusi yetu. Niliona kwamba inayotunza joto la chai itatunza pia ubaridi wa maji, na katika hilo sikukosea. Chupa ya namna hiyo asili yake ni chombo alichobuni mwanasayansi wa Uskoti, James Dewar, mwaka 1892, akitafuta namna ya kuhifadhi gesi zilizopozwa hadi kuwa vimiminika. Kwa hiyo tangu mwanzo ilikuwa chombo cha baridi, na matumizi ya vinywaji vya moto yalikuja baadaye, Wajerumani walipoanza kuiuza kwa jina la Thermos mwaka 1904. Nililokosea ni kusahau barabara. Njia zetu za vumbi zina mikunjomikunjo midogo inayotikisa pikipiki bila kupumzika, na kioo cha ndani ya chupa ya chai ni chembamba mno. Siku ya tatu nilisimama ninywe, nikaitikisa kidogo kabla ya kuifungua, nikasikia sauti ya changarawe. Kioo chote kilikuwa kimepasuka ndani, na vipande vingine vilikuwa vidogo kama chembe za chumvi, vikizunguka ndani ya maji ambayo nilikuwa karibu kuyatia mdomoni.

Nilitetemeka. Mpaka leo, mtu akiniambia kwamba anabeba chupa yenye kioo ndani kwenye pikipiki au baiskeli, namwomba aiache nyumbani mezani, mahali ilipotengenezewa kukaa. Kununua nyingine ya kumrudishia mke wangu kulinigharimu shilingi 22,000, ingawa zawadi ya shangazi hairudishwi kwa kununua.

Chupa ya pili niliinunua kwa haraka sokoni kwa shilingi 9,000. Ilikuwa ya chuma kinachong'aa, nyepesi, imeandikwa ubavuni kwamba inatunza ubaridi kwa saa 24. Niliijaza maji ya friji, nikaondoka nayo alfajiri. Tulipokuwa tumepumzika kivulini karibu na manzuki, yaani eneo la mizinga, ya mzee mmoja upande wa Igalula, niliiweka juu ya kisiki, na baada ya muda mfupi ilianza kulowa kwa nje, matone yakaungana na kuteremka hadi kwenye kisiki. Alitua nyuki mmoja, kisha wawili, kisha wakawa kumi na zaidi, wamejipanga kuzunguka kitako cha chupa, vichwa vimeinama, kila mmoja akinyonya tone lake kwa utulivu kabisa, tumbo lake likipanda na kushuka. Nyuki hutafuta maji wakati wa kiangazi ili kuupoza mzinga, kwa hiyo jambo lenyewe halikunishangaza. Aliyenifumbua macho ni yule mzee.

"Bwana nyuki," alisema, "chupa yako inatoka jasho kama mtungi. Mtungi ukitoka jasho, maji yanapoa. Hiyo yako ikitoka jasho, je, yanapoa au yanapata moto?"

Niliyaonja. Yalikuwa ya uvuguvugu, wakati hata saa nne haijafika.

Swali la mzee lilinifanya nirudi kwenye fizikia niliyoisoma sekondari, na kwa kuwa ndilo jambo lililonisaidia kuliko yote, nitalieleza polepole. Mtungi wa udongo hupitisha maji kidogo kidogo hadi nje, maji hayo yakikauka huondoka na joto, na yaliyobaki ndani hupoa. Jasho la mtungi limetoka ndani. Jasho la chupa ya chuma limetoka hewani: unyevu uliomo katika hewa hugusa chuma cha baridi na kugeuka matone, na chuma cha nje hakiwezi kuwa cha baridi isipokuwa ubaridi wa ndani unavuja kupitia ukuta wake. Chupa iliyotengenezwa vizuri ina kuta mbili za chuma, na katikati yake hewa imenyonywa ikabaki ombwe. Joto linalosafiri kwa kugusana, au kwa kuchukuliwa na hewa, halina pa kupita penye ombwe, na lile linalosafiri kama miale hupunguzwa kwa kung'arisha ukuta wa ndani au kuupaka shaba. Njia inayobaki ni shingoni, ambapo kuta mbili zinakutana, na kwenye kifuniko. Kwa hiyo chupa yenye maji baridi ikilowa ubavuni, ama ina ukuta mmoja tu, ama kuta zake mbili zimejaa hewa. Yangu ilikuwa ya ukuta mmoja. Maandishi ya saa 24 yalikuwa maandishi matupu.

Baada ya hapo niliingia katika kosa la kinyume, la kuamini kwamba kikubwa na cha bei ndicho kitakachonifaa. Nilinunua chupa ya lita 2 kwa shilingi 38,000, yenye kuta mbili za kweli, mkono wa kushikia, na kifuniko chenye mrija wa kunyonyea unaoinuliwa kwa kidole. Nilihesabu kwamba kwa chupa hiyo ningeondoka nyumbani na sehemu kubwa ya maji yangu ya siku. Hesabu ilikuwa sahihi kwenye karatasi, lakini lita 2 za maji ni kilo 2, na chupa yenyewe inakaribia kilo nzima, kwa hiyo nilikuwa nabeba karibu kilo 3 begani kila tulipoacha pikipiki na kutembea kwa miguu kuifuata mizinga msituni. Wiki ya pili nilianza kuiacha kwenye pikipiki. Chupa ikiwa kwenye pikipiki na mtu yuko msituni, hata ingetunza barafu mwezi mzima, haimsaidii.

Mrija nao ulikuwa na shida zake. Nikiwa nimevaa kofia ya wavu siwezi kunyonya bila kuinua wavu, na kuinua wavu karibu na mzinga uliofunguliwa ni kujitafutia kuumwa usoni. Gundi ya nyuki iliyoganda kwenye vidole ilihamia kwenye kile kitufe cha kuinulia mrija, kikawa kinanata na hakirudi. Vumbi la barabarani lilituama kwenye ncha ya mrija, mahali hasa panapogusa midomo. Lililonikatisha tamaa kabisa nililiona siku nilipoufungua mrija wenyewe. Ndani kulikuwa na utelezi, na kwenye mkunjo wa mpira kulikuwa na ukungu mweusi, kama ule unaoota kwenye pazia la bafuni. Nilikuwa nimenywa kupitia mpira ule kwa majuma matano nikiamini kwamba najitibu.

Ningeweza kuendelea kuitumia chupa ile kwa kubadilisha kifuniko, lakini niliiua mwenyewe. Usiku mmoja niliijaza maji na kuilaza ndani ya friza ili asubuhi niondoke na barafu tupu. Maji yakiganda huongezeka ukubwa kwa karibu asilimia 9, na chuma cha ndani kikasukumwa. Asubuhi kitako kilikuwa kimetuna, chupa haisimami wima mezani, na siku hiyohiyo ilianza kutoka jasho kama ile ya shilingi 9,000. Barafu iwekwe ndani ya chupa ikiwa imeshaganda kwingine, vipande vidogo vinavyopita mdomoni. Chupa yenyewe isiingie friza kamwe.

Kwa hiyo hadi Januari nilikuwa nimetumia shilingi 69,000, sina chupa, na mkojo wangu ulikuwa umerudi kuwa wa rangi ya chai ya rangi. Hofu ya kurudi chini ya mwembe ule ilininyima usingizi. Mke wangu, ambaye ni mwalimu na ana tabia ya kuandika kila kitu, ndiye aliyeniuliza swali ambalo muuzaji hakuniuliza wala mimi sikujiuliza. "Baba Neema, unapokunywa maji huwa uko wapi?" Nilimjibu kwamba niko kazini. Akasema kazini si mahali pamoja, akanipa daftari, akanitaka kwa juma zima niandike saa, mahali, kama nimesimama au ninatembea, mikono yangu ikoje, na maji ya kujazia yako umbali gani.

Daftari lile lilinifundisha mambo ambayo nisingeyajua kwa kutazama chupa dukani. Niliona kwamba nusu lita ninaweza kuimaliza nyumbani kabla ya kuwasha pikipiki, kwa hiyo hiyo haihitaji kubebwa. Niliona kwamba sikai zaidi ya saa tatu mbali na pikipiki, na kwamba katika saa hizo tatu ninakunywa karibu lita moja. Niliona kwamba karibu kila mara ninakunywa nikiwa nimesimama, nimevua glavu, kwa hiyo sihitaji kifuniko cha kufungua kwa mkono mmoja, kile ambacho dereva wa gari angekihitaji. Niliona pia jambo ambalo sikulitarajia: vijijini sinywi peke yangu. Tukipumzika kivulini na wazee, mtu anayechomoa chupa na kuinyonya mwenyewe huku wengine wanamtazama amekosa adabu, na chupa ya mrija haiwezi kugawiwa. Nilihitaji chupa yenye kifuniko kinachogeuka kikombe.

Mtu mwingine daftari lake litasema mengine. Mke wangu hushinda darasani na bomba liko uwanjani, naye nusu lita inamtosha, anajaza kila kengele ya mapumziko. Mpwa wangu anayeendesha bodaboda stendi alichukua ya kifuniko cha kubonyeza, kwa kuwa hunywa akiwa amekaa juu ya pikipiki akisubiri abiria, na hana gundi ya nyuki vidoleni. Wote wawili wangeichukia chupa yangu.

Nikiwa na mahitaji yangu yameandikwa, nilirudi sokoni Jumamosi moja na sikukubali kununua kwa macho. Duka nililoingia lilikuwa na chupa tatu za lita moja zinazofanana, bei kati ya shilingi 30,000 na 45,000. Nilimwomba kijana wa dukani ruhusa ya kuzijaribu kwa maji ya moto, naye akasita, lakini mama lishe wa jirani aliyekuwa na birika jikoni alisema, "Mpe, mwanangu, maji hayatoboi chupa." Tulimimina maji yaliyochemka katika zote tatu, tukafunga vifuniko, tukasubiri kama dakika tano huku nikinywa chai yake. Kisha nikazipitisha kiganja kutoka kitakoni hadi shingoni. Ya kwanza ilikuwa ya moto ubavu mzima, hivyo nikaiweka kando. Ya pili ilikuwa ya kawaida ubavuni, ila ilikuwa na doa la moto kitakoni, upana wa sarafu mbili. Hiyo ombwe lake lilikuwa limeshaingia hewa, pengine iliangushwa safarini. Ya tatu ilikuwa ya kawaida kila mahali isipokuwa kwenye mdomo, ambako kuna joto kidogo, na hapo ndipo kuta zinapokutana, kwa hiyo si kasoro. Nikaigeuza juu chini, nikaitikisa juu ya karatasi kavu, karatasi ikabaki kavu.

Kijana wa dukani alitazama jaribio lote kwa makini, na nilipomlipa shilingi 45,000 alikuwa tayari anazijaribu nyingine zilizokuwa rafuni.

Kuhusu chuma chenyewe, tafuta kitako au kibandiko kilichoandikwa 304 au 18/8, maana yake ikiwa chuma chenye asilimia 18 za kromiamu na 8 za nikeli, ambacho kinastahimili kutu kwa maji na kwa vitu vichachu kama ndimu. Kuna kingine cha 201, cha bei nafuu zaidi, ambacho huanza kutoa madoa ya kutu mapema. Watu hushauri kupima kwa sumaku, na mimi nilibeba yangu. Sumaku itamfichua muuzaji wa chuma cha kawaida, lakini haiwezi kutenganisha 201 na 304, kwa sababu vyote viwili haviivuti kwa nguvu. Maandishi ya kitakoni nayo yanaweza kuchapwa na yeyote. Ndiyo maana naliamini zaidi jaribio la maji ya moto, angalau kwa upande wa kutunza ubaridi, na kwa upande wa kutu nilimwomba muuzaji anikubalie kuirudisha ndani ya mwezi mmoja.

Chupa hiyo ndiyo ninayoitumia hadi leo. Mdomo wake ni mpana kiasi cha kupitisha vipande vya barafu na brashi ya kuoshea, kifuniko ni cha kusokota, na juu yake kuna kikombe. Imo ndani ya mfuko wa turubai alionishonea fundi cherehani wa Ng'ambo, hapa Tabora, kwa shilingi 6,000, wenye mkanda wa begani, na mfuko huo unazuia mtikisiko usiikwangue kwenye vyuma vya pikipiki. Kabla ya kuijaza asubuhi naitangulizia maji kidogo ya baridi na kuyaacha dakika chache, ili chuma cha ndani kisianze kwa kuyapasha moto maji ninayoyategemea. Naijaza hadi karibu na kifuniko, kwani chupa iliyojaa hupata joto polepole kuliko iliyobaki nusu. Mtu asitegemee saa za kwenye lebo: hizo ni za chupa iliyojaa, yenye barafu, isiyofunguliwa. Yangu, ikifunguliwa mara kwa mara katika jua la Oktoba, inanipa maji ya baridi hadi alasiri, nami sihitaji zaidi ya hapo.

Lita nyingine za siku zinasafiri kwa njia aliyonifundisha yule mzee wa Igalula, ambayo ni ya gharama ndogo na ninaipenda kuliko zote. Dumu la lita 5 la maji yaliyochemshwa nalifunga gunia la katani, nalowesha gunia, naliweka nyuma ya pikipiki palipo na upepo. Gunia likikauka linaondoka na joto kama mtungi, na nikirudi kutoka msituni nakuta maji ya kujazia chupa yakiwa ya baridi ya kuridhisha. Kiangazi, hewa ikiwa kavu, linafanya kazi vizuri sana. Masika, hewa ikiwa na unyevu mwingi, gunia halikauki na dumu halipoi, kwa hiyo miezi hiyo naongeza barafu kidogo kwenye chupa.

Usafi nao una mambo yake. Kila jioni natoa ule mpira wa duara uliomo ndani ya kifuniko kwa kutumia mpini wa kijiko, maana chini yake ndiko ukungu unakojificha, nauosha kwa sabuni na kuacha kila kitu wazi hadi asubuhi. Chupa ikifungwa ikiwa na unyevu hunuka hata kama iliwekewa maji safi tu. Maji ya kisima huacha utando mweupe kitakoni. Siki kidogo iliyoachwa nusu saa inautoa. Jiki sitii tena, kwa sababu klorini hula chuma hiki, na steelwire haifai kwa sababu inakikwaruza. Kwa chupa yenye shingo nyembamba, punje za mchele mbichi na maji ya sabuni, zikitikiswa kwa nguvu, hufika mahali ambapo vidole havifiki.

Maziwa na uji siviweki humo. Chupa inayotunza uvuguvugu kwa saa nyingi inavilea vijidudu kwa saa zilezile, na mtoto wa jirani yetu aliugua tumbo kwa uji wa asubuhi ulionywewa alasiri. Vinywaji vyenye gesi pia sivitii, kwani vikitikiswa barabarani hujaza msukumo, na kifuniko kinaweza kumrukia mtu usoni. Na kama kile kisahani kilichobandikwa kitakoni kitabanduka, ni vyema chupa iachwe kutumika, kwa kuwa baadhi ya watengenezaji huziba tundu la mwisho la ombwe kwa tone la lehemu yenye madini ya risasi, ambalo halina madhara likiwa limefunikwa, lakini halifai kuguswaguswa, hasa na watoto.

Mwezi wa Aprili nilirudi kwa daktari yule, akanipima tena, na safari hiyo hakuna jiwe lililoonekana upande wowote. Aliishika chupa yangu, akaigeuzageuza, akauliza nimeinunua wapi, kwa maana wahudumu wake wa wodini nao hawanywi maji zamu nzima. Nilimwambia duka, kisha nikamwambia aanze kwa kuwapa daftari.

Kitu cha pekee kilichochakaa mpaka sasa ni ule mpira wa kifuniko, ambao ulilegea baada ya mwaka mmoja na chupa ikaanza kuvuja ikilazwa. Fundi wa majiko ya gesi alinitafutia unaolingana kwa shilingi 1,000, nikanunua miwili. Wa akiba uko kwenye boksi la zana la pikipiki, ndani ya karatasi ya nailoni, pamoja na plagi na spana yake.